Niliyempiga Chini ya Kitambaa cha Kijani

Kuna wakati niliamini, tena kwa akili zangu timamu, kwamba mtoto akipigwa picha katikati ya majani chai, hiyo picha inapelekwa ng'ambo na kuchapwa kwenye pakiti za chai. Kila mara mtu huko ng'ambo akirarua pakiti apike chai yake, mtoto huku kwetu anashikwa na homa. Na pakiti zikiisha dukani, mtoto naye amekwisha.

Cheka. Cheka kabisa, nakupa nafasi. Hata mimi ningecheka mpaka nianguke kwenye mtaro, kama si kwamba kwa sababu ya hadithi hiyo nilimvunja mke wangu mkono na kuita kijiji kizima kije kiue mtu.

Makosa ni yangu. Si ya shetani, si ya pombe. Pombe hata sinywi. Kinywaji changu ni mursik, yale maziwa yetu yaliyolala kibuyuni, na hiyo naweza kunywa mpaka ng'ombe aombe likizo. Nilifanya nikiwa macho, mchana kweupe, nimeshiba viazi.

Nyumbani kwangu ni kwenye mlima mmoja kati ya Kericho na Bomet. Kijiji nakificha, na jina langu pia, maana mtoto wangu ataanza shule siku moja na sitaki wenzake wamsomee haya. Niko na shamba dogo la chai, ng'ombe wa maziwa, na sauti. Sauti ndiyo mali yangu kubwa. Nikiita ndama wangu hapa, ndama wa Kisumu wanainua masikio.

Kitu kingine nilichonacho ni cheti. Nilisoma gumbaru, yale masomo ya jioni ya watu wazima, nikiwa na ndevu za kutosha kujaza mto. Nikamaliza. Basi kutoka siku hiyo, kitu chochote chenye maandishi kikifika kijijini kwetu, dawa ya ng'ombe, barua ya chifu, mwaliko wa harusi, wazee wanasema, "Mpelekeeni msomi." Jameni, nilipenda hilo neno! Nililipenda kuliko nyama.

Kwa hiyo ujumbe ule wa picha na pakiti ulipoingia kwenye kundi letu la simu, ni mimi nilisimama kituo cha majani, tukingoja lori la kiwanda, nikausoma kwa sauti. Wachumaji wakaweka makapu chini. Wamama wakasogea karibu.

"Rudia hapo kwa pakiti," mzee mmoja akaniambia.

Nikarudia. Nikaona macho yao yamekuwa makubwa kama sahani. Na mimi, mdomo wangu mbaya, nikaona uhondo usiishe mapema hivyo. Nikaongeza.

"Hiyo pakiti nimeiona na haya macho yangu," nikasema. "Kericho mjini, kwa duka kubwa. Mtoto amekaa hapo juu ya majani, na meno mawili, anacheka."

Sikuwa nimeona kitu! Niliongeza tu, vile mtu anaongeza sukari. Lakini kufika jioni, wanawake watatu walinihadithia hiyo pakiti yangu kama habari yao wenyewe, na mmoja akaniambia hata rangi. Nyekundu. Unajua nilifanya nini? Nikamwamini! Nikajiambia, kama hata yeye ameiona, basi iko.

Na kulikuwa na jambo lingine lililotufanya tuone ni kweli. Jirani yangu, Mama Joan, mwanamke mpole anayechuma chai kwa shamba lake peke yake, alikuwa amempoteza huyo Joan, msichana wake mdogo. Na kabla ya kufa, Joan alikuwa amepigwa picha kwenye chai. Sisi wote tuliiona hiyo picha siku ya matanga, imetundikwa ukutani, kubwa kama dirisha. Mtoto amekaa ndani ya kapu la kuchumia, amecheka mpaka macho yamepotea.

Tulisimama nyuma ya nyumba na vikombe vyetu, tukatazamana. Hakuna aliyeenda kumuuliza mama mtu. Tulijua tu.

Aliyepiga hiyo picha ni kijana anaitwa Momanyi. Wazazi wake walitoka upande wa Nyamira zamani kuja kuchuma chai kwa mashamba makubwa, naye akazaliwa huku huku. Anaongea Kipsigis kunishinda mimi. Lakini kitu kikiharibika, watu wetu wanakumbuka haraka sana babake mtu alitoka wapi. Mimi mmoja wao.

Kazi yake ilikuwa kupiga watoto wadogo picha, na alikuwa hataki kabisa kupiga ndani ya nyumba. Anangoja mvua ipite, mawingu yabaki, ule mwanga usio na kivuli. Anasema jua kali linamkunja mtoto uso anakaa kama mzee mwenye deni. Halafu analala kwa tumbo kwenye matope, kamera usawa wa macho ya mtoto, analia kama mbuzi. Meee! Meee! Mtoto akishangaa, amepigwa. Wamama walimpenda sana. Alitembea kwa miguu boma hadi boma, mfuko mgongoni, matope mpaka kifuani, anasalimia kila mtu: "Chamgei!"

Mke wangu naye akamtaka.

"Baba Chebet," akaniambia siku moja akikamua, "mama huko Ndanai hajawahi kumuona huyu mtoto. Mguu haumruhusu kusafiri. Wacha Chebet apigwe moja tu, nimtumie."

"Na akikwisha?"

"Akikwisha nini?"

"Pakiti zikiisha."

Akaacha kukamua. Akaniangalia vile unaangalia kuku aliyeingia kanisani.

"Wewe," akasema, "ulienda gumbaru kusoma ama ulienda kuota moto?"

"Joan alikufa na nini?"

"Muulize mamake."

"Sihitaji kumuuliza! Mtoto wangu hapigwi picha kwa chai. Na huyo Momanyi nikimpata hapa, kamera yake nitamlisha, kamba na vyote."

Akacheka. Mimi pia nikacheka. Si ndiyo kuongea kwangu? Hata ng'ombe nikimtisha namwambia nitamfanya kiatu. Mke wangu alidhani ni yale maneno yangu ya kila siku. Ole wangu, hata mimi nilidhani hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kupeleka majani. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ikaacha. Niliondoka na kapu langu, na Mama Chebet alijua mtu akienda kituoni anakaa huko mpaka lori lije, na lori letu huja wakati linapenda. Ndiyo maana alimwita Momanyi. Hakuwa na ubaya. Alitaka tu kumtumia mamake mjukuu.

Lakini lori lilikwama kwenye matope huko chini, karani akatuambia turudi baadaye. Nikarudi nyumbani. Njiani nikapitia jembe langu kwa jirani, lile nilikuwa nimemwazima. Nikatokea shambani kwa upande wa juu, kwenye njia ya ng'ombe.

Sasa nisikilize, nikueleze nilichoona, halafu uniambie wewe ungefanya nini. Hapana, usiniambie. Ungeuliza. Najua ungeuliza.

Niliona mtoto wangu yuko hewani juu ya majani. Chebet hakuwa bado anakaa sawa, ukimweka anaanguka kama gunia. Lakini hapo amekaa wima, kifua chake kiko juu ya chai, hakuna mtu. Nyuma yake kuna kitu. Kitu cha kijani, rangi ile ile ya majani, hakina kichwa, kinapumua. Kimemshika kiunoni.

Mbele yake kuna duara kubwa linang'aa kama fedha, linammulika usoni.

Na chini, kwenye matope, mwanaume amelala kwa tumbo analia kama mbuzi.

Mungu wangu! Kila kitu nilichosoma kituoni, na kila kitu nilichoongeza mwenyewe, kilisimama mbele yangu na miguu. Nikafungua kinywa nikapiga uwi.

"Uuuuwi! Uuuuuwi! Wanaua mtoto!"

Kama wewe si wa huku, ni lazima nikuambie uwi ni nini. Sisi tukisikia uwi, tunatoka. Hatuvai viatu. Hatuzimi moto. Kile kilicho mkononi ndicho unakuja nacho: kama ni panga, panga, kama ni mwiko, mwiko. Unakimbia kule sauti inatoka, na yule anayeonyeshwa kidole, unampiga. Kuuliza ni baadaye. Ndivyo babu zetu walilinda ng'ombe na watoto, na imeokoa watu wengi, siidharau. Lakini ni lazima anayepiga uwi awe na uhakika, kwa sababu ni yeye peke yake anatakiwa kufikiria. Wengine wote wanakuja na mikono tu.

Na sauti yangu ndiyo hiyo nimekuambia.

Nilishuka ule mteremko nikipita juu ya chai yangu mwenyewe, nikivunja matawi niliyopogoa na mikono hii. Nikagonga jembe kwa jiwe, chuma kikatoka, nikabaki na mpini. Momanyi akainua kichwa kutoka matopeni. Bado alikuwa na kitabasamu cha kumchekesha mtoto. Nikampiga nao usoni.

Alianguka kwa kamera yake. Nikamruka nikamfikia Chebet, nikamshika mkono mmoja, nikavuta.

Kile kitu cha kijani kikakataa kumwachilia!

Nikavuta. Kikavuta. Chebet akalia kilio ambacho mpaka leo nikikikumbuka nywele zinasimama. Kitu kilikuwa na nguvu, jameni, nguvu ya mtu aliyeamua kufa. Nikainua mpini nikakipiga, pale nilipoona pameshika. Mara ya kwanza. Mara ya pili nikasikia mlio wa mti mkavu ukikatika.

Kikaachilia. Kitambaa kikaanguka.

Alikuwa Mama Chebet.

Alikuwa amepiga magoti kati ya vichaka, amejifunika kitambaa ili asionekane kwa picha, ili mtoto aonekane amekaa peke yake. Ndivyo Momanyi alifanya na watoto wote wasiojua kukaa! Mama anajificha, anashika kiuno, na lile duara la fedha ni la kurudishia uso wa mtoto mwanga. Kila mama kwa kijiji alijua. Kwangu hakuna aliyesema, kwa sababu mimi nilikuwa wa kuongea, si wa kusikiliza.

Na unajua kwa nini hakuachilia? Alisikia uwi. Chini ya kile kitambaa, na makelele yote, hakujua ni sauti ya nani. Alisikia tu kwamba mtoto anauawa, halafu akasikia mtu anamvuta mtoto wake. Akafanya vile mama anafanya.

Alitazama mkono wake. Kiganja kilikuwa kimeangalia mahali kiganja hakiangalii. Halafu akanitazama.

"Ni wewe?" akaniuliza. Tena polepole. "Ni wewe?"

Akamnyakua Chebet kwa mkono mzima, na kabla sijafungua kinywa watu walikuwa wamefika.

Walikuja kutoka kila upande wa mlima, wanaume kwa wanawake, na mapanga ya kupogolea, na zile fimbo ndefu tunazolaza juu ya chai kusawazisha uchumaji, na mawe. Hawakuniuliza kitu. Waliona kijana amelala na damu mdomoni, wakajua ni yeye. Wakamwangukia kama mvua ya mawe kwenye mahindi.

"Mwizi wa watoto!"

"Mvunjeni hiyo mikono inapiga picha!"

"Alimmaliza Joan!"

Momanyi alijikunja kama mtoto tumboni, amekumbatia kichwa. Alikuwa analia kitu kimoja tu, kwa Kipsigis, halafu kwa Kiswahili, halafu kwa lugha ya mamake: "Niulizeni! Niulizeni kwanza!"

Mtu alikanyaga kamera. Mwingine akachukua ile kamera iliyovunjika akampiga nayo jichoni. Nilimuona. Ni mtu tunaimba naye kwaya.

Nikapiga kelele, "Wacheni! Nimekosea! Ni mke wangu! Wacheni!"

Hakuna aliyesikia! Sauti ya kuita Kisumu nzima, na haikufika kwa mtu aliye mbele yangu. Tuko na mlio wa kuita watu waje. Wa kuwarudisha nyumbani hatuna. Nilishika mmoja shati, akanisukuma. Nilishika mwingine, akadhani natafuta nafasi ya kupiga, akanipisha!

"Pita, Baba Chebet, ni haki yako!"

Halafu mama mmoja akamwona mke wangu na kile kitambaa miguuni. "Kumbe huyu alikuwa anamsaidia! Anauza mtoto wake!" Na teke likamfika mbavuni, yeye amekaa chini na mkono umevunjika na Chebet amemkumbatia kwa ule mwingine. Hapo niliwalalia wote wawili. Nikahisi fimbo mgongoni, nikahisi jiwe, nikahisi kiatu. Nilipigwa na uwi wangu mwenyewe. Nilistahili kila moja, na zingine ambazo hazikunifikia.

Aliyesimamisha ile vita ni Mama Joan. Alitoka kwake mbio, kitambaa cha kichwa kimeanguka, akapasua watu akajitupa juu ya Momanyi mzima mzima.

"Niueni mimi!" akapiga kelele. "Pigeni! Mnangoja nini? Pigeni mimi!"

Panga zilikuwa juu. Zikabaki juu. Nani angempiga mama aliyefiwa? Wakashangaa, maana walidhani wanampigania yeye. Mmoja akashusha. Mwingine akashusha. Halafu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakijipangusa mikono kwa majani, kila mtu akitafuta ng'ombe wake ambaye alikuwa hajapotea. Ndani ya dakika chache shamba lilikuwa tupu. Tukabaki sisi, na chai iliyolala chini kama imepitiwa na ndovu.

Momanyi hakufa. Namshukuru Mungu kila asubuhi kabla sijavaa shati. Lakini taya lake lilifungwa kwa nyaya, na jicho la kulia, lile alilokuwa akitazama nalo kwa kamera, lilipotea.

Mimi nilishikwa siku hiyo hiyo, na ilikuwa haki. Kule ndani wafungwa waliniuliza, "Wewe umefanya nini?" Nikawaambia ukweli. Wakanipiga vile watu hupiga ngoma Krismasi. Waizi wa kuku, waizi wa nyaya za stima, wote wakanikataa! Nikaambiwa nilale karibu na ndoo. Nikalala.

Kortini Momanyi aliitwa aeleze. Kitambaa cheupe juu ya jicho, anaongea na meno yaliyobanana. Akaulizwa kama amewahi kuuza picha ya mtoto yeyote nje ya nchi.

"Hapana," akasema. "Zote ziko ukutani kwa mama zao. Mnaweza kwenda kuziangalia."

Hakunitazama hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Nilifungwa, nikamaliza kifungo, nikatoka. Nyumba nilikuta imefungwa kwa waya, ng'ombe wako kwa ndugu yangu, na chai imekua miti. Mama Chebet alikuwa amerudi kwao Ndanai na mtoto.

Nikaoga, nikavaa ile suti ya kupokelea cheti, nikaenda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na wewe sasa unanijua, yalikuwa mengi.

Sikutoa hata moja. Shemeji zangu walinikuta kwa lango.

"Huyu ndiye msomi?" mkubwa wao akauliza.

"Ndiye," akajibu mdogo. "Angalia suti."

"Shemeji," nikaanza, "nimekuja kwa heshima..."

Ngumi ya kwanza ilinikuta kwa hiyo heshima. Walinipiga wakaniangusha kwenye kinyesi cha ng'ombe, wakaniinua, wakanipiga tena ili nianguke upande ulio safi. Sikurusha mkono. Jino moja nililimeza, na lingine nikalitema. Mkubwa alikuwa analia huku akinipiga, na hilo ndilo liliniuma kuliko ngumi.

Mama mkwe akasema kutoka ndani, bila kujitokeza, "Inatosha. Msimuue hapa. Mtoto anaona."

Nikageuza kichwa. Chebet alikuwa mlangoni. Anatembea! Nilimwacha hajui kukaa, na sasa amesimama na miguu yake, ameshika sketi ya mamake. Nikajaribu kumtabasamia na mdomo umejaa damu. Akapiga kelele akazama kwenye ile sketi.

Mama Chebet akatoka mpaka uani. Mkono wake umepona, lakini umepona vibaya, umepinda kwa kifundo, vidole viwili havikunjiki. Yeye aliyekuwa anachuma kwa mikono miwili kama mashine, mpaka wenzake wanamwomba apunguze! Sasa anachuma kwa mmoja.

Akasimama mbali kidogo.

"Nisamehe, Mama Chebet," nikamwambia.

"Mkono nimekusamehea," akasema. "Mkono ulinipiga hujui ni mimi. Lakini ile sauti yako. Mtu akiita ng'ombe hapa Ndanai, mimi najikuta nimelala chini, nimemfunika mtoto. Nikiwa jikoni, nikiwa kanisani. Sasa niambie, nitakaaje nyumba moja na hiyo sauti?"

Nikamwambia nitanyamaza. Nitaongea kwa kunong'ona mpaka nife.

Karibu acheke. Nilikiona kile kicheko kikifika mdomoni halafu kikirudi.

"Nenda nyumbani," akasema. "Usikuje tena mpaka nikuite. Na nisipokuita, usikuje."

Hajaniita.

Sasa wewe unayesoma haya, pengine uko kituo cha majani, pengine uko kwa saluni, na simu yako imelia na ujumbe wa kutisha kuhusu mtu fulani. Nakusihi. Usiusome kwa sauti. Usiongeze sukari. Na kama umeona kitu shambani hukielewi, kifuate, kiulize jina, kifunue kitambaa na mkono, si na mpini. Ukishapiga uwi si wako tena! Utaukimbiza mlima mzima na hutaushika.

Na kama unapiga picha za watoto nje, kijana wangu, popote ulipo, nakuomba msamaha kwa niaba ya kila mtu aliyekuangalia vibaya ukilala matopeni.

Hapo nilitaka kumaliza. Lakini kuna neno niliambiwa, na nisipoliandika nitakuwa nimeungama nusu.

Nilipotoka Ndanai na uso umevimba kama mkate, nilipitia kwa Mama Joan. Nilikuwa na mpango. Yeye na mke wangu ni marafiki tangu zamani, na nilifikiri, huyu pekee atanielewa. Huyu amepoteza mtoto. Ataenda aniongelee.

Alinipa kiti. Akanipa maji ninawe uso. Ile picha ya Joan bado iko ukutani, imepanguswa vumbi, mtoto ndani ya kapu, anacheka.

"Mama Joan," nikamwambia, "nilikosea, sikatai. Lakini wewe unajua vile nilikuwa naogopa. Wewe uliona yako. Mwambie Mama Chebet kwamba niliogopa yampate Chebet yale yalimpata Joan, baada ya ile picha."

Akaweka sufuria chini.

"Baada ya picha?" akauliza.

"Si alishikwa baada ya picha?"

"Nani alikuambia?"

Nikatafuta kichwani mwangu nani aliniambia. Hakukuwa na mtu.

"Mlikuja matanga," akasema. "Mkakunywa chai, mkasimama nyuma ya nyumba. Nilikuwa nawaona kwa dirisha. Hakuna hata mmoja alikuja kuniuliza mtoto alikuwa na nini."

Nikaitazama ile picha ukutani.

"Joan alizaliwa na moyo mbaya, Baba Chebet. Daktari huko Kericho aliniambia hatafika umri wa kuanza shule. Nikarudi nyumbani, nikakaa na hiyo habari, halafu nikamwita Momanyi. Nilitaka nibaki na uso wake. Hakuugua kwa sababu alipigwa picha. Alipigwa picha kwa sababu alikuwa anakufa."